Kukirudisha chumba cha depo kwa watu: mwongozo kamili wa kuuza, kutoa na kutupa vitu Lubumbashi

Karibu kila lupango (kiwanja chenye nyumba na ua wake) hapa Lubumbashi, kuanzia mtaa wa Katuba hadi ule wa Golf, una chumba kinachoitwa depo, yaani stoo, hata kama kilijengwa kiwe cha watoto. Ndani kuna friji iliyokufa, magodoro mawili yameegemezwa ukutani, katoni za vyombo vya harusi, viatu vya mtoto ambaye sasa anavaa saizi ya baba yake, mbabula (jiko la makaa) iliyotoboka na televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Watoto wanne wanabanana chumba cha pili. Mwongozo huu ni wa kuwarudishia watoto hao chumba chao, na kupanga mambo ili kisijae tena.

Wazazi wetu hawakurundika vitu kwa uchoyo wala uvivu. Oktoba 1991 uporaji ulipita mjini. Mwaka 1994 bei nchini Zaire, kama Kongo yetu ilivyoitwa wakati huo, zilipanda kwa maelfu ya asilimia ndani ya mwaka mmoja. Aliyeficha noti za zaire sandukuni alibaki na karatasi. Aliyenunua sufuria, mabati na vikwembe (vitenge) alibaki na mali. Tumelelewa na watu waliojifunza hivyo kwa maumivu, na ndiyo maana mama anakunja uso ukigusa katoni zake. Mheshimu. Lakini mwelezee pia kwamba leo mtu anaweza kuweka dola kwenye simu, na kwamba friji isiyowashwa miaka mitatu haitunzi thamani yoyote: mpira wa mlango unakauka, panya wanakata nyaya, kutu inakula chini. Mali iliyokaa depo inapungua kila mwaka, na hakuna anayeiona ikipungua.

Kitu kimoja nakisisitiza kuliko vyote: ondoa vitu kwa kalenda, usingoje shida. Anayeuza kwa sababu mtoto amelazwa hospitali ya Sendwe anauza kwa bei ya mnunuzi. Anayeuza wakati watu wanakitafuta kitu chake anauza kwa bei yake.

Kalenda ya mji wetu

Mei, mvua ikiwa imekwisha, ndiyo mwezi wa kazi kubwa. Unaweza kutoa kila kitu nje bila kuogopa kulowa, na baridi ya Juni na Julai iko mlangoni. Huo ndio wakati wa kuuza makoti, sweta, blanketi na mashuka mazito. Blanketi hilo hilo ukilipeleka sokoni Oktoba, watu wanapotokwa jasho, watalipita tu.

Agosti ni ya vitu vya shule, kwa kuwa masomo yanaanza mwanzoni mwa Septemba: mashati meupe, sketi na suruali za bluu, viatu vyeusi, mifuko ya mgongoni, vitabu, meza ndogo ya kusomea. Toa nje wiki mbili za mwisho za mwezi. Ukitangulia sana wazazi hawajapata pesa, ukichelewa wamekwisha nunua.

Oktoba watu wanaanza kutazama mapaa yao. Mabati yaliyobaki kwenye ujenzi, maturubai, mabuti ya mpira, ndoo kubwa na miavuli vinatoka haraka kabla mvua hazijashika Novemba. Mwanzo wa Desemba ni wa glasi, sahani, viti vya plastiki na nguo za watoto za sikukuu. Januari usijisumbue, mifuko ni mitupu.

Ndani ya kila mwezi, siku nzuri ni zile za kuzunguka mishahara, kuanzia tarehe 28 hivi hadi tarehe 5. Katikati ya mwezi utasikia "nitalipa mwisho wa mwezi" hadi masikio yachoke.

Hatua ya kwanza: jua kitu ni cha nani

Hapa ndipo kazi inapoharibika. Katika familia zetu kitu kinaweza kuwa nyumbani kwako na kisiwe chako. Mdogo wa mume alikwenda Kolwezi akaacha sanduku mbili. Shangazi alihama Ruashi akaleta kabati "kwa muda". Usiguse hata kimoja kabla ya kupiga simu. Mtumie picha, mpe tarehe ya kuja kuchukua, na umwambie wazi utakachofanya tarehe hiyo ikipita: utampelekea kwa gharama yake, au utauza na kumtumia pesa. Mwezi mmoja hadi miwili inatosha. Mazungumzo hayo yawe kwenye ujumbe wa maandishi, au mbele ya mtu mzima mwingine wa familia. Lawama za kitu kilichouzwa bila mwenyewe kujua hudumu miaka.

Vitu vya marehemu vina njia yao, na usivichanganye na kusafisha depo. Nguo, saa, redio, kitanda chake: mara nyingi familia inakaa baada ya kilio (msiba) na kuamua nani anachukua nini. Mkikubaliana, andikeni orodha na kila mmoja asaini. Na kama aliyebaki ni mama mjane, kumbukeni kwamba Kanuni ya Familia ya 1987, ambayo ni sheria ya nchi, inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi na samani zake. Ndugu wanaokuja na gari kubeba viti na friji siku chache baada ya mazishi hawana haki hiyo. Akitaka mwenyewe kupunguza vitu, mwacheni aamue wakati wake. Hakuna haraka, na msimharakishe.

Hatua ya pili: toa vyote nje

Chagua chumba kimoja kwa siku moja ya ukame. Nyumba nzima kwa siku moja itawachosha, na jioni mtarudisha kila kitu ndani kwa hasira. Tandika turubai uani, beba vyote, fagia chumba, na kagua kuta chini kabisa. Mchwa wa Katanga hawana mchezo. Tunaona vichuguu vyao vilivyo virefu kupita nyumba, na udongo wake tunafyatulia matofali. Katoni iliyowekwa chini kwenye sakafu isiyo na saruji nzuri inaweza kuliwa yote huku upande wa juu ukionekana mzima. Utakachoamua kubakiza kiwekwe juu ya mbao au matofali, mbali kidogo na ukuta.

Kabla ya kupanga chochote, pitia kila mfuko, kila droo, kila pochi ya zamani, katikati ya kila kitabu na chini ya kila godoro. Humo ndimo zinamojificha hati ya kuzaliwa ya mtoto, diploma, karatasi za lupango, kadi ya mpigakura, risiti za ada. Mnunuzi wa mkoba hatakuletea. Weka karatasi zote katika mfuko mmoja wa plastiki mgumu, na mtu mmoja wa nyumba awe na dhamana yake.

Hatua ya tatu: swali sahihi

Watu wengi hushika kitu na kuuliza, "Je, hiki kinaweza kutusaidia siku moja?" Jibu litakuwa ndiyo daima, hata kwa mwiko uliovunjika. Uliza hivi: je, mvua nzima na kiangazi kizima vimepita bila kitu hiki kutoka depo? Kama havikukitoa, hakina kazi nyumbani kwako, ila kinaweza kuwa na kazi kwa mwingine.

Vinavyosamehewa ni vichache. Karatasi, zana za kazi anayoifanya mtu kweli, na vitu vya kumbukumbu vinavyoingia ndani ya sanduku moja kwa kila mtu mzima. Kikwembe cha ndoa ya mama kinaingia humo, wala hakuna wa kumuuliza.

Kuna swali gumu la sufuria kubwa za kilio na sherehe. Kila familia inataka kuwa nazo kwa sababu kilio hakipigi hodi. Ila hesabu kwenye avenyu yako: nyumba kumi, sufuria kubwa thelathini, na kwenye kilio zinatumika nne. Ninashauri ukoo mmoja, au majirani wanaoelewana, waweke seti moja kwa mtu mwaminifu, zenye alama ya rangi chini na daftari la nani amechukua. Zilizobaki ziuzwe. Aluminiamu nzito haikosi mnunuzi.

Hatua ya nne: kutengeneza au kuuza kibovu

Ita fundi akupe bei kabla ya kuahidi lolote. Kanuni yangu ni hii: kama matengenezo yatakula zaidi ya nusu ya bei utakayouzia, uza kibovu na useme ni kibovu. Mafundi wa friji wananunua friji zilizokufa kwa ajili ya kompresa na vipuri vingine. Mafundi wa redio na televisheni vilevile. Umeme wetu unaokatika na kurudi kwa nguvu unaua vifaa vingi, kwa hiyo vipuri vinatafutwa kila siku.

Kinachofanya kazi lazima kionekane kikifanya kazi. Friji ikae imewashwa saa kadhaa ili mnunuzi aguse barafu. Kama kwenu umeme unakuja usiku tu, mwite usiku huo au asubuhi na mapema, akiwa na mtu wake. Hakuna atakayelipa bei nzuri kwa maneno "ilikuwa inawaka".

Nguo zote zifuliwe na zipigwe pasi, hata zile za kugawa bure. Pasi si mapambo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazoanikwa nje, hasa zikitandazwa chini au kwenye majani, na mabuu yake huingia kwenye ngozi ya mtu na kutoa jipu. Joto la pasi huyaua, na kwenye nguo za watoto wachanga jambo hili ni la lazima. Godoro lipigwe jua siku mbili na likaguliwe kwenye mishono. Lenye kunguni usiliuze wala usilitoe kwa mtu yeyote, kwa kuwa jua peke yake haliwamalizi.

Hatua ya tano: bei

Nenda soko la Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi), au soko la Mzee Kabila mjini, ukaulize bei ya kitu kipya cha aina hiyo leo. Bei uliyonunulia wewe haimhusu mnunuzi. Kitu kizima kinachofanya kazi, anza kufikiria nusu ya bei mpya. Chenye mikwaruzo au kilichochakaa, theluthi. Kisha ongeza kidogo cha kupunguza, kwa sababu mtu wa kwetu haridhiki asipopunguziwa. Atakuambia, "Mama, punguza, mimi ni mtoto wako," nawe uwe na mahali pa kushukia bila kuumia. Amua moyoni bei ya mwisho na uiambie familia, asije kijana wa nyumba akauza chini yake ukiwa kanisani.

Vitu vidogo viseme kwa faranga, vikubwa kwa dola. Unapopokea dola, inue noti kwenye mwanga uitazame pande zote. Yenye mchaniko mdogo tu itakataliwa sokoni, na hasara itakuwa yako.

Kuhusu mkopo, msimamo uwe mmoja kwa wote: anayelipa nusu anawekewa kitu, anayemaliza anakibeba. Ndugu pia. Ukitaka kumsaidia ndugu, mpe bure kwa moyo mweupe. Kumuuzia kwa deni ambalo wote mnajua halitalipwa kunaharibu undugu.

Hatua ya sita: mahali pa kuuzia

Kwa vitu vidogo, meza mbele ya lupango Jumamosi inatosha. Panga kwa rangi na kwa saizi, andika bei kwenye karatasi, na mtu mmoja tu ashike pesa. Jirani atapita kununua vikombe na kumwita mwingine.

Vitu vya kati na vikubwa vinakwenda vizuri kwenye hali ya WhatsApp na vikundi vya mauzo vya mji kwenye Facebook. Piga picha mchana, nje, kitu kikiwa kimefutwa vumbi, na picha moja ionyeshe kasoro yake wazi. Kasoro iliyotangazwa inapunguza bei kidogo. Iliyofichwa inaleta mtu mlangoni siku ya tatu akipiga kelele. Usiandike namba ya nyumba. Taja komini (sehemu ya mji) na mahali panapojulikana, na anwani mpe anayekuja kweli. Kitu kikubwa kilichopo nyumbani kitolewe barazani kabla mnunuzi hajafika, ili mgeni asione yaliyomo ndani, na msiwe peke yenu.

Nguo nyingi kwa pamoja ni afadhali kumwuzia mama mmoja wa sokoni kwa jumla. Utapata pesa kidogo kwa kila nguo, lakini zote zitaondoka siku hiyo. Mwenye nafasi ya kukaa mezani wiki nne auze moja moja. Mwenye kazi ya kila siku asijidanganye.

Kwa friji, pikipiki, jenereta, kompyuta na simu ya bei, andika karatasi ya mauzo: majina mawili, namba za kadi za mpigakura, aina ya kitu na namba yake ya fabriki (ya kiwandani), bei, tarehe, saini mbili na ya shahidi. Nakala mbili. Karatasi hiyo inamlinda mnunuzi akisimamishwa njiani, na inakulinda wewe kitu kikitumika vibaya baadaye.

Simu inahitaji uangalifu zaidi. Hamisha picha na namba zako, toa SIM kadi (pesa zako za simu zimefungwa kwayo), toa kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google au ya Apple, ndipo ufute kila kitu. Fuata mpangilio huo. Ukifuta bila kuondoa akaunti, simu inaweza kumdai mnunuzi neno lako la siri, naye ataamini umemuuzia simu ya wizi. Kompyuta vivyo hivyo: picha za familia na barua za kazi zisiende na mashine.

Kutoa bila kudhalilisha

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuuzwa hata kama vina bei: nguo za mtoto mchanga wakati jirani amejifungua na hana kitu, vitabu kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa anayenakili kwa mkono, godoro kwa familia iliyounguliwa na nyumba. Anza na unaowajua. Kisha kuna Caritas na vikundi vya huduma vya makanisa, kuna wodi za wazazi, na kuna Wasalesiani wa Don Bosco, ambao nyumba yao ya Bakanja inapokea watoto wa mitaani hapa mjini. Mahali popote, uliza kwanza wanahitaji nini. Kituo kinachotafuta mablanketi hakisaidiwi na gunia la viatu vya kisigino.

Kipimo ni rahisi: kama ungeona aibu mtoto wako akikivaa, usikitoe. Zipu iliyokufa ishonwe, kifungo kirudishwe. Na mpe mtu bila hadhara, bila picha ya kutangaza, bila kumkumbusha baadaye.

Wengi wanaogopa kutoa nguo walizovaa, wakihofia zitatumiwa kwa ubaya. Sitambishia mtu imani yake, ila hofu hiyo isijaze depo. Nguo za ndani hazitolewi kwa vyovyote, kwa usafi tu. Zichane ziwe vitambaa vya kusafishia. Nyingine zifue, zipige pasi, ziombee kama ni desturi yenu, na uzipeleke kituoni zikachanganywe na za watu wengine. Nimeona hilo likiwatuliza watu ambao hawakuweza kumpa jirani moja kwa moja.

Visivyouzwa wala kutolewa

Bidoni (madumu) na mapipa ya plastiki yaliyotoka kwenye kampuni za madini au maghala ya kemikali ndiyo hatari kubwa zaidi katika mji wetu. Hata ukiyasugua mara kumi, usimuuzie wala usimpe mtu kwa kuwekea maji, unga au mafuta. Kama hujui kilichokuwemo, hesabu kwamba kilikuwa sumu. Yatoboe kabla ya kuyatupa, ili asije mwingine akayaokota akachotea maji.

Dawa zilizopita tarehe au zilizobaki nusu usimgawie mgonjwa mwingine; peleka famasi au kituo cha afya uwaulize. Betri za gari zina asidi na madini ya risasi: zisimame wima, mbali na watoto, na ziende kwa mnunuzi wa betri bila kumwagwa maji yake uani. Chandarua chenye matundu kishonwe au kiwe kamba za bustani.

Chuma chakavu mpe mnunuzi wa vyuma anayepita mtaani, mkipima kwa mizani mnayoiona wote wawili. Lakini nyaya za shaba kuwa nazo mwangalifu sana. Wizi wa nyaya za umeme unajulikana, na mtu anayebeba shaba bila maelezo anaweza kujikuta polisi. Kama umebadilisha nyaya za nyumba yako, tunza risiti ya fundi na ya nyaya mpya, na uuze wewe mwenyewe, si kumtuma kijana.

Pesa iliyopatikana, na kinachoingia

Kubalianeni matumizi ya pesa kabla ya kuuza kitu cha kwanza: zamu ya kelemba (mchezo wa kupeana pesa kwa zamu), ada ya Septemba, saruji ya kumalizia sakafu ya chumba hicho hicho. Watoto waliouza vitu vyao wapewe sehemu yao. Mwaka ujao wataleta wenyewe. Daftari dogo liandike kitu, bei na mnunuzi. Baada ya misimu miwili utajua kwa uhakika nini kinatoka kwenye mtaa wako na nini hakitoki.

Baada ya usafi mkubwa wa Mei, weka mfuko mmoja nyuma ya mlango. Nguo iliyobana, kikombe kisicho na wenzake, toy iliyosahaulika, vyote viingie humo mara vinapoonekana, na mfuko ukijaa ushughulikiwe wiki hiyo. Kinachouzwa kipewe Jumamosi mbili za mwisho wa mwezi. Jumamosi ya pili ikipita bila mnunuzi, kinatolewa Jumatatu, na hakirudi depo hata kama kilikugharimu pesa nyingi.

Na ndugu akija na kabati lake "kwa muda", mkaribishe, mpe chai, kisha andikeni pamoja tarehe ya kulichukua kabla ya kulishusha kwenye gari.